Clements Kadalie na Sauti za Wazee wa Mashambani



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mtu aliyezaliwa karibu ya mwaka 1896 upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, si mbali na misioni ya Bandawe, katika nchi iliyoitwa baadaye Nyasaland, nayo tangu mwaka 1964 ni Malawi. Kabila lake Mtonga, na babu yake alikuwa mkuu wa watu. Alisoma katika shule kubwa ya misioni ya Waskochi huko Livingstonia, akahitimu kuwa mwalimu, kisha akaondoka kwenda kusini kutafuta maisha, kama walivyofanya vijana wengi wa nchi ile. Jina lake Clements Kadalie. Mwaka 1919 aliunda chama cha wafanya kazi mjini Cape Town, na kabla ya miaka kumi kutimia chama kile kilikuwa na watu wengi kuliko chama cho chote cha Waafrika kilichopata kuonekana katika sehemu za kusini za bara hili.

Lakini si Kadalie peke yake tutakayemsimulia. Baada ya chama chake kuvunjika, ikapita miaka arobaini, hamsini, na zaidi, na wazee waliobaki hai wakaja wakaketishwa mbele ya mashine ya kunasia sauti, wakaombwa waseme wanayoyakumbuka. Maneno yao yakahifadhiwa katika utepe, kisha yakaandikwa na kuchunguzwa. Nia yetu ni kutazama maneno hayo yalituongezea nini, maana sisi tunaofundisha walimu twaulizwa mara kwa mara na vijana wetu kama maneno ya mzee asiyejua kusoma yaweza kuitwa historia. Kisa hiki ni kipimo kizuri.

Kwanza na tutazame maandiko. Mtu huyu aliandikwa sana. Polisi waliandika hotuba zake, maana walihudhuria mikutano yake na madaftari mkononi. Magazeti ya Wazungu yalimwandika kwa hofu, na gazeti la chama chake, lililoitwa The Workers' Herald, lilimwandika kwa sifa. Wakomunisti aliowafukuza katika chama waliandika kwa uchungu. Rafiki zake wa Kizungu waliandikiana barua wakilalamika kwamba hasikii shauri. Na yeye mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake, kilichopigwa chapa London mwaka 1970, miaka kumi na tisa baada ya kufa kwake. Tazameni basi: mmoja aliandika kwa kumwogopa, mwingine kwa kumsifu, mwingine kwa kumlaumu, na mwenyewe kwa kujitetea. Aliyekosekana ni yule mwenye shamba la kukodi na ng'ombe wake wawili watatu, aliyetoa shilingi mfukoni akapewa kadi. Huyo hakuandika neno, naye ndiye aliyekuwa chama.

Na tuseme kwa ufupi jinsi chama kilivyoanza. Kadalie alifika Cape Town mwaka 1918. Yeye mwenyewe alieleza kwamba siku moja alisukumwa njiani na askari wa Kizungu, na Mzungu mmoja aliyeyaona mambo yale, jina lake A. F. Batty, mtu wa siasa ya wafanya kazi, akajitolea kuwa shahidi wake. Urafiki wao ndio uliozaa mkutano wa Januari 1919, ambapo chama kiliundwa. Watu wa kwanza walikuwa wapakuzi wa bandarini, Waafrika na watu wa damu ya mchanganyiko. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, bei za vyakula zilikuwa zimepanda sana, na mishahara haikupanda pamoja nazo. Mwezi Desemba mwaka ule ule watu wa gati waligoma, zaidi ya 2000, wakikataa kupakia vyakula vya kupelekwa ng'ambo ilhali wenyeji hawavipati. Mgomo ulikwisha bila ya ushindi wa papo hapo, lakini jina la chama likajulikana. Mwaka 1920 Serikali ilimwandikia Kadalie amri ya kufukuzwa nchini kwa kuwa ni mgeni, kisha ikaifuta. Mwaka huo huo, huko Port Elizabeth, kiongozi wa wafanya kazi aliyeitwa Samuel Masabalala alipokamatwa, watu wakakusanyika kumdai, risasi zikapigwa, wakafa zaidi ya watu 20.

Jina kamili la chama lilikuwa Chama cha Wafanya Kazi wa Viwanda na Biashara, lakini watu walikiita kwa herufi tatu za Kiingereza, ICU. Kwa miaka mitano ya kwanza kilibaki zaidi katika miji ya pwani. Jambo la kushangaza ni lililofuata. Tangu mwaka 1925 au 1926, makao makuu yalipohamia Johannesburg, chama kilienea mashambani, Natal, Transvaal na Dola Huru ya Orange, mahali ambapo hapakuwa na kiwanda wala biashara, ila mahindi, kondoo na ng'ombe. Mwaka 1927 Kadalie alisema kwamba watu wake wamefika 100,000. Hesabu hii ni ya mwenye chama, nasi twaipokea kwa tahadhari, kwa sababu mtu aliyelipa mara moja akaondoka huhesabiwa sawa na yule aliyelipa kila mwezi. Hata hivyo, ukiipunguza kwa nusu bado ni watu wengi mno. Kwa nini watu wa mashambani walikikimbilia chama cha wafanya kazi wa viwandani? Majarida ya Serikali yalijibu kwa neno moja: uchochezi. Wazee wa utepe walijibu kwa maneno mengi zaidi.

Hatuwezi kuwaelewa wazee hao bila ya kujua walikaaje. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwakataza Waafrika wa Afrika ya Kusini kununua au kukodi ardhi nje ya sehemu walizotengewa, nazo sehemu hizo zilikuwa kiasi cha mia kwa saba tu ya nchi nzima. Waliobaki katika mashamba ya Wazungu walikaa kwa namna mbili. Wengine walilima kwa nusu: mtu ana ng'ombe wake, jembe lake na watoto wake, anailima ardhi ya Mzungu, na mavuno yakiwa tayari magunia yanagawanywa sawasawa kati yao. Mtu hodari aliweza kupata mali kwa njia hii, na ndiyo sababu watunga sheria hawakuipenda. Wengine walikaa kwa sharti la kazi, mfano wa wale walioitwa maskwota katika mashamba ya Kenya: baba, mama na watoto hutumika kwa mwenye shamba siku 90, au miezi sita kama ilivyokuwa Natal, na ujira wao ni ruhusa ya kujenga kibanda, kulima kipande na kulisha mifugo. Katika miaka ya 1920 bei za pamba ya kondoo na za miti ya kutolea magome ya kufanyia ngozi ziliwatamanisha wenye mashamba waongeze malisho na mashamba yao, wakaanza kupunguza ng'ombe wa wapangaji na kuongeza siku za kazi. Hapo ndipo watu wa ICU walipofika na kadi zao nyekundu.

Sasa na tumsikilize mmoja wa watu wale. Jina lake Stimela Jason Jingoes, Msotho, aliyepata kwenda Ufaransa pamoja na kikosi cha wafanya kazi Waafrika wakati wa Vita Kuu, kisha akawa mtumishi wa ICU upande wa Makwassie, magharibi ya Transvaal. Uzeeni mwake huko Lesotho aliwasimulia maisha yake wachunguzi wawili, John na Cassandra Perry, mume na mke, nao wakayapanga masimulizi yale kuwa kitabu, kilichotoka mwaka 1975. Katika mambo mengi aliyoyaeleza, moja twalipenda zaidi ya yote, nalo ni maana ya jina la chama. Alisema kwamba jina lile refu la viwanda na biashara halikuwa na kazi kwao. Herufi zile tatu, ukizisoma kwa Kiingereza, zasikika sawasawa na maneno yanayosema: nakuona. Kwa hiyo kwa watu wake chama kilikuwa kinamwambia yule anayewaonea: ukimsukuma mtu njiani, nakuona, ukimdhulumu mwanamke na mtoto wake, nakuona.

Twawaombeni mlipime jambo hili. Kwa miaka mingi watu wenye elimu walicheka kwamba wakulima wa mashambani walijiunga na chama cha viwanda bila ya kujua maana ya jina lake. Kumbe walilijua, ila walilipa maana yao wenyewe. Polisi aliyeandika hotuba hakuweza kuliandika hilo, kwa maana halikusemwa jukwaani peke yake. Lilisemwa jikoni, zizini na njiani kurudi nyumbani. Katibu wa chama naye hakuliandika katika katiba. Lilibaki midomoni mwa watu, na kama hapangalitokea wa kuwauliza lingalizikwa nao.

Liko jambo la pili ambalo twalitaja hasa kwa ajili ya walimu. Kadalie alikuwa mgeni. Kwao walisema Kitonga, na shuleni alijifunza Kiingereza, akakijua vizuri sana. Lakini Kizulu, Kixhosa na Kisotho, lugha za watu aliowaongoza, hakuzitawala kiasi cha kuhutubia. Kwa hiyo mikutanoni alisema Kiingereza, na kando yake alisimama mkalimani. Fikirini basi uwanja wenye maelfu ya watu, msemaji mmoja mwenye sauti ya radi anasema lugha ambayo wengi hawaijui, na mtu wa pili anaigeuza. Mzee akisema miaka hamsini baadaye kwamba alimsikia Kadalie akisema hivi na hivi, alilolisikia ni neno la mkalimani. Na mkalimani ni mtu wa nchi ile: ayajua mafumbo ya watu wake, ajua pa kuongeza chumvi. Hapana shaka kwamba ahadi nyingi ambazo watu walizishika zilitoka katika kinywa cha pili. Mchunguzi asiyekumbuka habari ya mkalimani atamlaumu Kadalie kwa maneno ambayo huenda hakuyasema, au atamsifu kwayo. Kwa upande wetu twaona kwamba nguvu ya mtu huyu ilikuwa ya watu wawili wawili kila mahali, naye hakuwa radhi sana kulikubali hilo.

Baada ya hao akina Jingoes, kazi ya kunasa sauti ilifanywa kwa upana zaidi. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg, kilianza kuwatuma watu vijijini Transvaal wakiwa na mashine zao ili wakusanye masimulizi ya wazee waliopata kukaa katika mashamba ya Wazungu. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwa mzee mmoja jina lake Kas Maine, aliyezaliwa mwaka 1894. Huyu alikuwa mkulima wa nusu kwa nusu, mtu wa kuhama shamba hata shamba na jamaa yake na mifugo yake, upande ule ule wa kusini magharibi wa Transvaal ambako Jingoes alikuwa akiendesha kazi ya chama. Walimrudia tena na tena mpaka alipofariki mwaka 1985, na mwanachuoni Charles van Onselen akayatumia masimulizi yale kuandika maisha yake katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1996. Helen Bradford naye, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya ICU mashambani, aliyaweka maneno ya wazee kando ya majarida ya mahakama na ya polisi, akayalinganisha.

Wazee hawa hawakuwa na habari nyingi za mikutano mikuu. Habari ya Kadalie kwenda Geneva mwaka 1927 kwenye mkutano wa kazi wa mataifa, habari ya kufukuzwa kwa Wakomunisti mwezi Desemba 1926, habari ya mshauri William Ballinger aliyetoka Uskochi mwaka 1928, mambo haya yajazayo vitabu hayakuwagusa. Waliyoyakumbuka yalikuwa kadi, shilingi, wakili na kufukuzwa. Na haya manne yamefungamana, ndiyo maana twayaeleza pamoja.

Kadi ilikuwa hati. Mwafrika wa mashambani alikwisha kuzoea hati za kumzuia: pasi ya njia, hati ya kodi, barua ya mwenye shamba. Hii ya ICU ilikuwa hati ya kwanza aliyoinunua kwa hiari yake, nayo haikumzuia kitu. Baadhi yao waliamini kwamba mwenye kadi hawezi kufukuzwa shambani; wengine waliamini kwamba fedha zitanunua mashamba ambayo wanachama watakaa bila ya bwana. Maneno hayo hayakuwa ndoto tupu, kwa maana viongozi fulani walinena waziwazi habari za kununua ardhi. Wakili naye alikuwa kitu cha kweli. Chama kiliwaajiri mawakili wa Kizungu, na mara nyingi kilishinda. Huko Durban, chini ya A. W. G. Champion, aliyekuwa kiongozi wa Natal, kilikwenda mahakamani na kuikomesha desturi ya kuwaogesha Waafrika kwa dawa walipoingia mjini, kama waogeshwavyo ng'ombe wenye kupe. Mtu aliyeisikia habari hiyo akiwa shambani, maili mia kutoka Durban, atasadiki nini? Atasadiki kwamba yuko mtu awezaye kumwita bwana wake mbele ya hakimu. Kwa maisha yale, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nyongeza ya mshahara.

Kisha kufukuzwa. Wenye mashamba walipoona kadi waliwapa wapangaji siku za kuondoka. Na hapa sheria haikuwa upande wa chama, kwa sababu mwenye ardhi aliruhusiwa kumtoa mtu, akiisha kumpa taarifa ipasavyo. Wakili aliweza kuuliza kama taarifa ilikuwa ya haki, lakini hakuweza kumpa mtu mahali pa kukaa. Familia zilitoka na ng'ombe zao barabarani, wakati mwingine mazao yakiwa bado shambani. Huko Greytown, katika Natal, mwaka 1928, makaburi ya Wazungu yaliharibiwa, na kundi la Wazungu likaivamia ofisi ya ICU na kuivunja. Bunge nalo lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya mwaka 1927 iliyofanya kuwa kosa kutia uadui kati ya Waafrika na Wazungu, na maana ya neno uadui waliachiwa mahakimu. Jambo la kusikitisha ni kwamba waziri mkuu wa Serikali hiyo, Jenerali Hertzog, alikuwa yule yule ambaye Kadalie alikiunga mkono chama chake katika uchaguzi wa mwaka 1924, akitumaini wema.

Tumefika katika habari ya shilingi, nayo ndiyo ngumu. Katika maandiko, fedha za ICU ni habari ya wakubwa kushindana: Champion alichunguzwa hesabu zake, akasimamishwa kazi, na mwaka 1928 Natal ikajitenga kuwa chama mbali, ikaenda na watu wengi na fedha nyingi. Ballinger alipofungua vitabu alikuta madeni. Kadalie akajiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1929, akaunda chama kingine kidogo, akakaa East London. Kwa njia hiyo ya kueleza, msomaji huona kwamba chama kilikufa kwa magomvi. Lakini kwa mtu wa shambani hesabu ilikuwa nyingine. Yeye alitoa shilingi zilizotokana na gunia la mahindi au mshahara wa mtoto wake wa mjini; alipofukuzwa kwa ajili ya kadi ile, akaenda ofisini kutaka shamba aliloahidiwa, akakuta mlango umefungwa, au karani mwingine asiyemjua. Hakujua nani kagombana na nani. Alijua kwamba fedha zimekwenda.

Wako watetezi wa Kadalie wasemao kwamba fedha nyingi zilikwenda kwa mawakili, nauli na mishahara ya makatibu, wala hazikuibwa zote. Ni kweli. Kesi ni ghali, na nchi ile ni pana. Lakini twaona kwamba udhuru huo hautoshi. Mtu akikusanya shilingi za maskini kwa kutaja ardhi, imempasa aweke daftari ambalo maskini yule aweza kusomewa. Daftari halikuwekwa ipasavyo, na walioumia hawakuwa wale waliokaa ofisini. Hayo twayasema huku tukijua kwamba chama hicho kiliongozwa na walimu na makarani, watu wa namna yetu, waliotoka katika shule za namna ya zetu, waliojua kuandika hesabu.

Pamoja na hayo, ajabu yake ni kwamba malalamiko hayo ya fedha hayakuufuta moyo wa wazee. Jingoes, aliyeuona mwisho wa chama kwa macho yake, uzeeni bado aliieleza maana ya herufi zile tatu kwa fahari. Katika kichwa cha mtu mmoja yaweza kukaa pamoja maneno haya mawili: alikula fedha zetu, na, kabla yake hapana aliyetuambia kwamba sisi ni watu. Mwandishi wa gazeti hulazimika kuchagua moja. Mzee hachagui. Hii ndiyo faida kubwa tunayoiona katika masimulizi ya midomo, na ndiyo sababu twasema kwamba maandiko peke yake yalimpunguza Kadalie pande zote mbili, yalipomsifu na yalipomtukana.

Labda msikilizaji atauliza: mzee hasahau? Husahau, na pengine huongeza. Waliomhoji Kas Maine walilijua hilo vyema. Hawakumwuliza mwaka, maana kwake miaka haikuwa na nambari; ilikuwa na ukame, nzige, mavuno na kuhama. Mzee akisema jambo fulani lilitokea mwaka waliohamia shamba la fulani, basi wao walikwenda kutafuta mwaka wa kuhama huko kwa njia nyingine, kisha wakaurudisha mwaka ule mahali pake. Waliwauliza ndugu zake na watoto wake mbali mbali. Na tena, jambo ambalo pengine wengi wasingalilifikiri, waliwatafuta Wazungu wenye mashamba aliyokaa, au watoto wao, wakawauliza nao. Mara nyingi waliyakuta maneno ya mzee yakisimama. Katika idadi ya magunia, masharti ya mapatano na majina ya ng'ombe alikuwa na kumbukumbu ya kutisha, kwa sababu hayo yalikuwa daftari lake, naye hakuwa na jingine.

Lugha pia ilitaka uangalifu. Kas Maine alisema Kisotho, na kwa Wazungu alisema lugha ya Makaburu. Mtu akimhoji kwa Kiingereza kupitia mkalimani, tumekwisha kuona lililompata Kadalie mwenyewe majukwaani. Walimu wetu wakitaka kwenda kuwauliza wazee wao habari za bandari, reli au mashamba ya mkonge, na waende wakijua lugha ya mzee, tena waende zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza mzee humpa mgeni maneno ya mgeni.

Kadalie alimaliza siku zake East London. Mwezi Januari 1930 aliongoza mgomo mkubwa pale, akakamatwa pamoja na wenziwe, akatozwa faini, na mgomo ukavunjika. Hakupata tena nguvu ya zamani. Alifariki mwaka 1951, bila ya kurudi kukaa kwao ziwani, na kabla ya mashine za kunasa sauti hazijaanza kuzunguka vijijini. Kwa hiyo hatuna mazungumzo yake mwenyewe ya namna ile tuliyo nayo ya watu wake. Tunacho kitabu chake, kilichoandikwa na mtu aliyejua kwamba atahukumiwa.

Na kwa upande wa Kas Maine, van Onselen alipoyapekua majarida ya Serikali kutafuta alama ya mtu huyu aliyelima maisha yake yote, akalipa kodi na kulea jamaa kubwa, alipata mstari mmoja. Ulikuwa katika daftari la kesi za mahakama ya Makwassie, tarehe 8 Septemba 1931, na jina lake limeandikwa vibaya. Alitozwa faini ya shilingi tano, au kifungo cha siku tano cha kazi ngumu, kwa kushindwa kuonyesha leseni ya mbwa. Masimulizi yake ya utepe yalijaza kitabu cha kurasa zaidi ya 500.